Tupeane uzoefu: Dawa inakausha mate au inachubua mdomo, mnaitulizaje?

Mwenye Mada
Wakuu, juzi pale Mbagala Rangi Tatu nimemwona mzee kidonge kimemnata ulimini, hakishuki wala hakitemeki. Nikawaza, tunajadili dawa kila siku lakini mdomo hatuugusi. Amitriptilini ya sonona na maumivu ya neva, Piriton ya mafua na mzio, Buscopan ya tumbo kukaza, Artane ya kutetemeka, Lasix ya kukojoza, tramadoli ya maumivu, zote zinakausha. Wauguzi, wauza dawa, watu wa meno, mwageni mambo. Hadithi za "mimi na ulimi wangu" tuweke kando. Semeni kinachofanyika, kipimo, na kwa nini.

Famasi ya Kona
Kukauka ni kesi moja, vidonda ni kesi nyingine, msichanganye. Amitriptilini na Piriton huzuia ujumbe wa neva unaoiamuru tezi itoe mate. Tezi yenyewe nzima, imenyamazishwa tu. Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Yakipungua, chakula hakilainiki na tindikali ya bakteria inabaki kwenye jino bila kuoshwa, ndiyo maana anayetumia dawa hizi muda mrefu meno huanza kumuoza shingoni, pale jino linapokutana na ufizi.
Kumeza kidonge: kaa wima, piga funda moja la maji kwanza ulowanishe ulimi na koo, ndipo uweke kidonge na kushushia glasi nzima. Baada ya mlo tafuna bigijii isiyo na sukari dakika 10 hadi 15. Dawa ya meno iwe na floraidi, ukimaliza kupiga mswaki tema tu, usisuuze, floraidi ibaki kwenye meno.
Kosa ninaloliona sana dirishani: mtu yuko kwenye amitriptilini, anapata mafua, anauziwa na Piriton juu yake. Mdomo unakauka maradufu na mkojo unaweza kugoma, hasa kwa wazee wenye tezi dume iliyovimba. Mwambie muuzaji unachotumia. Na amitriptilini usiikate ghafla kwa sababu ya mdomo, rudi kwa daktari apunguze dozi au abadilishe.

Kigamboni Feri
Nakazia hilo la Piriton. Watu wanaimeza kama karanga.

Shangazi wa Buguruni
Mnazunguka mno. Kipande cha ndimu ulimini, mate yanatiririka. Au ubuyu. Kwisha.

Meno 32
Shikamoo shangazi. Mate yatakuja, lakini tindikali ya ndimu inakula jino ambalo tayari halina mate ya kulilinda, na ubuyu wa dukani umevikwa sukari. Kinachoamsha tezi ni kutafuna pia, uchachu hauna ulazima. Tango la baridi au karoti mbichi vinatosha.

Shangazi wa Buguruni
Marahaba. Sasa mwenye vidonda atafune karoti?

Meno 32
Hapana, huyo ni mtori uliopoa, uji laini, mlenda usiotiwa pilipili wala nyanya. Mlenda unateleza wenyewe, asiye na mate anashushia ugali bila kukwaruzwa. Aepuke kingo za chapati na mihogo ya kukaanga. Usiku feni isimpulizie usoni, anayelala mdomo wazi anaamka ulimi umekuwa msasa.

Zamu ya Usiku
Maji ya kusukutua, andikeni: maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kijiko 1 cha chai, bekingi soda kijiko 1 cha chai, vyote vya kufuta, visiwe na kilima. Koroga, weka kwenye chupa yenye mfuniko, yakifika saa 24 mwaga. Sukutua sekunde 30, teme. Rudia kila baada ya saa 2 hadi 4 ukiwa macho, na kila baada ya kula. Soda inapoza tindikali na kulegeza ute mzito. Ukizidisha chumvi ukidhani ndiyo nguvu, kidonda kinawaka na mdomo unakauka zaidi. Zile dawa za kusukutua zenye spiriti ziache dukani.

Mtoto wa Tandale
Bekingi soda si ndiyo magadi?

Zamu ya Usiku
HAPANA.

Mpishi wa Ilala
Magadi ya maharage ni makali kuliko bekingi soda. Yanalainisha maharage, yatalainisha na ulimi. Bekingi pauda nayo ni soda iliyochanganywa na tindikali kavu na wanga, ukiitia maji inamaliza povu lake pale pale. Hamira ndiyo kabisa, achana nayo.

Mtoto wa Tandale
Bibi zetu waliweka magadi kwenye ugoro na hawakufa.

Mpishi wa Ilala
Ugoro huo huo unaowapa watu saratani ya mdomo? Endelea nao.

Mwenye Mada
Jamani turudi kwenye mada.

Wodi ya Ndani
Mnataka kujua kinywa kinafika wapi? Mama wa makamo, ana baridi yabisi, kaandikiwa methotreksati vidonge vya miligramu 2.5, vinne, mara moja kwa WIKI. Kwenye ile bahasha ndogo ya dawa pameandikwa "4 x 1", basi. Siku haipo. Nyumbani wamesoma kama wanavyosoma bahasha zote: vinne, kila siku.
Kwanza chai ya vuguvugu inamchoma. Kisha midomo kwa ndani inabanduka, utando wa kijivujivu juu, ukiugusa unatoka na damu. Akashindwa kumeza hata mate, anayapokea kwenye kanga. Ndugu wakaona ni "infeksheni", wakamnunulia antibayotiki, Septrin. Hapo ndipo palipoharibika zaidi, maana Septrin na methotreksati zote zinaminya folati, vitamini ya kujengea chembe za damu. Alipoletwa ana homa na vidoa vyekundu miguuni. Kipimo cha FBP, yaani cha kuhesabu chembe za damu: chembe nyeupe za kupigana na maradhi ziko chini sana, na chembe sahani za kugandisha damu pia.
Mdomo unatangulia kuumia kwa sababu ngozi yake hujijenga upya haraka, na dawa hii inawinda seli zinazogawanyika haraka. Uboho, unaotengeneza chembe za damu ndani ya mifupa, unafuata. Kilichofanyika: methotreksati na Septrin zikasimamishwa, akapewa asidi ya foliniki ya kuzima makali ya methotreksati, dripu, antibayotiki za mshipani. Kwa kinywa, mswaki uliwekwa kando, chachi laini iliyolowekwa kwenye maji yale ya soda ikatumika kufuta taratibu, jeli ya ganzi ya lidokeini kidogo kwenye vidonda kabla ya uji. Uji uwe umepoa, akiwa amekaa wima, kwa sababu kinywa kikifa ganzi mtu anajing'ata au anapaliwa bila kujua.

Kigamboni Feri
Nimesoma huku nimeshika mdomo.

Shangazi wa Buguruni
Alipona?

Wodi ya Ndani
Alipona. Chembe zilipopanda tu, mdomo ukafunga.

Mtoto wa Tandale
Kwa hiyo watu waache methotreksati.

Famasi ya Kona
Nani kasema? Ikitumika sawasawa ni dawa nzuri. Bahasha iandikwe JINA LA SIKU: "Jumatatu tu". Foliki asidi ya miligramu 5 hutolewa siku nyingine, si siku ya methotreksati. Na msichanganye foliki na foliniki, mtu akizidisha dozi ya methotreksati, foliki asidi haimwokoi.
Nyingine ya kushtukia ni karbimazoli, ya goita inayotoa homoni kupita kiasi, maana nayo inaweza kuangusha chembe nyeupe: koo na mdomo vikiuma pamoja na homa, pima FBP siku hiyo hiyo.

Jirani wa Ocean Road
Kwa wa dripu za saratani: vidonda mara nyingi huchomoza kati ya siku ya 7 na ya 14. Kwa fluorourasili ile inayosukumwa kwa bomba mara moja, vipande vya barafu mdomoni vinasaidia. Anza dakika 5 kabla ya dawa, endelea hadi zitimie kama dakika 30. Baridi inabana mishipa, dawa kidogo inafika kwenye ngozi ya mdomo. Barafu iwe ya maji yaliyochemshwa. Anayepewa oksaliplatini ASIFANYE hivyo, dawa hiyo inafanya baridi iume kwenye neva. Homa ikifika nyuzi 38, usisubiri kliniki.

Mama Asali
Asali mbichi inapakwa, vidonda vinafunga. Hayo mengine mbwembwe.

Meno 32
Asali ina nafasi yake kwa waliochomwa mionzi, sikatai. Ila kwa mwenye kinywa kikavu ni sukari inayolala kwenye meno. Akipaka, asafishe kinywa baadaye. Mwenye kisukari aulize kwanza, mtoto chini ya mwaka 1 asipewe.

Kigamboni Feri
Na jivii? Ile ya zambarau.

Zamu ya Usiku
Ya asilimia 0.5 inachoma, kwa mdomo huchanganywa nusu kwa nusu na maji. Nayo inaficha kidonda, daktari akichungulia anaona zambarau tu.

Mama Asali
Asali haifichi kitu.

Famasi ya Kona
Wa pumu: utando mweupe kama maziwa mgando unaofutika ulimini ukitumia pampu ya steroidi ni fangasi. Sukutua na uteme kila baada ya kupuliza, tumia kile kikopo cha kupulizia (speisa) kinachochomekwa kwenye pampu ili dawa isigote kooni. Ikishaota, dawa ya fangasi, nistatini ya maji: izungushe mdomoni kadiri unavyoweza kabla ya kumeza, usile wala kunywa kwa nusu saa hivi.
Aspirini haiwekwi kwenye jino linalouma. Inaunguza ufizi unageuka mweupe, na jino linaendelea kuuma.

Wodi ya Ndani
Ambao moyo au figo vimewawekea kikomo cha maji, msiwaambie "kunywa sana". Gandisha sehemu ya maji yao waliyopimiwa wanyonye kidogo kidogo, au kichupa cha kupuliza, mpulizo mmoja kila upande wa shavu.
Na hili halisubiri: umeanza Septrin, Fansidar, nevirapini au dawa ya kifafa, mdomo ukachubuka, macho yakawa mekundu, ngozi ikatoa malengelenge. Usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali sasa hivi, beba na pakiti ya dawa.

Meno 32
Kidonda kikifika wiki 2 hakijafunga, kichunguzwe, hata kama una uhakika ni dawa.

Mtoto wa Tandale
Nimepata bekingi soda Kariakoo, imefungwa kwenye nailoni, haina maandishi. Nimedondoshea ndimu, inatoa povu. Ndiyo yenyewe?

Mpishi wa Ilala
Magadi nayo yanatoa povu kwenye ndimu. Rudisha, chukua yenye lebo.