Maganda ya nanasi: nikaushe, nivundike au nitie urea?

ZiziKiwangwa: Wakuu, habari za leo. Kuna mkamuaji juisi huku Kiwangwa, Bagamoyo, yuko tayari kunipa maganda ya nanasi bure, ila anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nikaushe juani, nivundike sileji (malisho mabichi yanayochachushwa bila hewa), au nitie urea, ile mbolea ya naitrojeni, ili protini ipande?

Mama Bandani: Mlaji ni nani? Ng'ombe, mbuzi, nguruwe? Unapata kiasi gani? Bila hayo tunapiga ramli. Kama ni nguruwe au kuku, urea iondoe kabisa.

MzeeWaZizi: Vundika. Ganda bichi zaidi ya asilimia 80 ni maji. Ukianika masika hii litaota ukungu kabla halijakauka, na sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, inapita hadi kwenye maziwa. Katakata, changanya na mabua makavu au pumba zinywe lile jimaji, shindilia kwenye pipa mpaka hewa iishe, funika wiki tatu. Molasi ya nini? Nanasi lina sukari ya kutosha.

Lusina Tupu: Urea mimi sitaki hata kuisikia. Tulinunua kwa mtu lishe iliyotiwa urea, kumbe haikuchanganywa vizuri, imeganda upande mmoja wa gunia. Haikupita saa moja ng'ombe wawili wakaanza kutetemeka, povu mdomoni, tumbo limejaa kama ngoma. Tukawanywesha siki na maji baridi mengi. Mmoja alipona. Yule mwenye mimba alikufa bwana mifugo akiwa bado njiani. Panda lusina, ule mti wa malisho, protini utakata shambani kwako.

ZiziKiwangwa: Poleni sana. Ni ng'ombe wawili wa maziwa na ndama wa miezi miwili. Maganda ni viroba kadhaa kwa siku, inategemea msimu.

Mama Bandani: Basi huyo ndama asiguse urea, tumbo lake bado halijaiva.

ChachuSafi: Mbona hakuna anayetaja hamira? Loweka maganda na hamira siku chache, protini inapanda bila hatari yoyote.

MzeeWaZizi: Mkuu, protini hujengwa kwa naitrojeni, na hamira haiumbi naitrojeni. Inakula sukari, uzito unapungua, protini ileile iliyokuwepo ndiyo inaonekana asilimia kubwa. Umepoteza nguvu ya chakula. Afadhali sileji, halafu mashudu ya alizeti juu yake.

ChachuSafi: Mzee, mashudu bei yake unaijua? Na ukiipa hamira chanzo cha naitrojeni, inajenga protini yake yenyewe.

MzeeWaZizi: Chanzo gani? Urea ileile! Tumerudi palepale.

Lusina Tupu: Majani ya lusina yaliyokaushwa, changanya na hiyo sileji wakati wa kulisha. Yasizidi theluthi ya mlo.

Pwani Embe: Naomba kudandia. Huku Mkuranga kokwa za embe zinatupwa tu. Kuku wanaweza kula?

Mama Bandani: Zikiwa mbichi zina tanini nyingi, ile kemikali yenye ukakasi, kuku watadumaa. Toa ganda gumu, katakata kiini, loweka, mwaga maji, chemsha, ndipo ukaushe na kusaga. Anza na kiasi kidogo kwenye chakula chao. Una kuku wa mayai au wa nyama?