Chumvi ya sumu ya Mirihi na bonde langu la mpunga

Mkulima wa Micheweni
Assalaam aleikum. Mie nina bonde la mpunga huku Micheweni. Likija bamvu kubwa, maji ya bahari hupanda mpaka ndani, na msimu huo hapatikani kitu. Sasa mjukuu wangu yuko kidato cha tatu, ananambia udongo wa sayari ya Mirihi nao una chumvi, tena ya sumu, na watu bado wanataka kwenda kulima huko. Ni chumvi hii hii? Sisi tunangoja masika yaioshe; huko hakunyeshi, watafanyaje? Na hewa yake je?

Maalim wa Kemia, Chake
Waaleikum salaam mzee wangu. Siyo hiyo. Inaitwa pakloreti: atomu moja ya klorini imezungukwa na nne za oksijeni. Chombo cha Phoenix, kilichotua upande wa kaskazini wa Mirihi mwaka 2008, kilikoroga udongo wa pale katika maji na kuikuta, kiasi cha nusu asilimia. Yaani gramu tano hivi katika kilo moja, si haba. Baadaye Curiosity, gari la utafiti lisilo na dereva, ikaikuta karibu na ikweta ya huko, kwa hiyo hatuwezi kusema walitua pabaya.

Khasa inachodhuru ni tezi ya shingo. Tezi huvuta iodini kutoka kwenye damu, na pakloreti hupita njia ileile ikaizuia. Zamani madaktari waliitoa kama dawa kwa wagonjwa ambao tezi yao inafanya kazi kupita kiasi. Mboga za majani nazo huifyonza kutoka ardhini, kwa hiyo mchicha wa huko ungestawi na bado usilike.

Hewa usiiulize. Asilimia 95 ni kaboni dioksidi, na mgandamizo wake haufiki asilimia moja ya wetu. Utakufa kabla hujajua ina sumu gani.

Bi Mkunga wa Wete
Maalim, kwa hiyo ni habari ya rovu hiyo. Si wale chumvi yenye iodini tu, kama tunavyowahimiza waja wazito?

Maalim wa Kemia, Chake
Inasaidia kwa kiasi, Bi. Lakini vumbi litaingia kila siku. Dawa ni kuosha udongo, maana pakloreti huyeyuka upesi katika maji, na barafu huko ipo. Au kutumia bakteria wanaoivunja: hutoka oksijeni, hubaki kloridi, ile iliyomo katika chumvi ya bahari.

Mkulima wa Micheweni
Kloridi! Si ndiyo hii ya bondeni kwangu? Wakishamaliza kuondoa yao, waje tusaidiane.

Bi Mkunga wa Wete
Mie vumbi ndilo linanitisha. Litaingia na nguo.

Maalim wa Kemia, Chake
Kweli. Mwaka 1972 mwanaanga Harrison Schmitt alivuta vumbi la mwezini ndani ya chombo, pua ikamziba kama mwenye mafua. La Mirihi lina pakloreti juu yake. Ndiyo maana wahandisi wamebuni vazi linaloning'inia nje ya ukuta, mtu analiingia kwa mgongoni kutoka ndani, kama viatu vyetu vinavyobaki barazani.