Mussolini alipindua nchi au alikabidhiwa? Mimi nasema alikabidhiwa, njooni tubishane

Wakuu, juzi kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja anashikilia kwamba Mussolini, yule dikteta wa Italia, alikuwa mwanaume kweli, aliingia Roma 1922 na watu wake akaichukua nchi kwa nguvu, Waitalia hawakuwa na ujanja, halafu akamalizia na ile ya siku zote, "ila treni zilikuwa zinafika kwa wakati". Nikamwambia yote mawili ni hadithi, akanuna, ndo nimeleta huku.

Tuanze na Roma. Watu wanadhani jamaa alikuwa mbele ya msafara anatembea kwa miguu, wapi! Tarehe 28 Oktoba mashati meusi, yaani wanamgambo wake, wanalowa mvua nje ya mji, wengine wana virungu na bunduki za kuwindia, yeye yuko Milano huko kaskazini jirani na Uswisi, mambo yakiharibika avuke. Waziri mkuu Facta ameshaandaa amri ya hali ya hatari, jeshi lipo, kinachosubiriwa ni saini ya mfalme Vittorio Emanuele III tu. Mfalme akagoma kusaini. Basi, imeisha hapo. Tarehe 30 Mussolini kashuka Roma kwa treni ya usiku, kalala behewa la vitanda, akapewa kuunda serikali akiwa na miaka 39. Lile gwaride la mashati meusi mjini lilikuja tarehe 31, mtu keshapewa kazi.

Na bungeni je? Alikuwa na wabunge 35 kati ya 535. Na hao 35 wenyewe waliingia 1921 kwa mgongo wa mzee Giolitti, waziri mkuu wa wakati ule, aliyewaweka kwenye orodha yake akidhani atawatumia kuwapunguza wasoshalisti halafu awafuge. Mwaka 1919 waligombea kivyao hawakuambulia hata kiti kimoja. Sasa Novemba 1922 bunge hilohilo likampa kura ya imani, 306 kwa 116. Watu 35 wanafikaje 306? Nani aliwapigia hizo nyingine?

Najua kuna mtu atakuja na hoja kwamba jamaa aliiokoa nchi na ukomunisti, na siidharau. 1919 na 1920 kulikuwa na migomo kila kona, Septemba 1920 wafanyakazi walishikilia viwanda, wenye mali wakakosa usingizi. Lakini viwanda vilirudishwa mwezi uleule, na Januari 1921 wale wa kushoto wakagawanyika wenyewe kule Livorno, kwa hiyo vurugu kubwa za mafashisti, yaani watu wa chama cha Mussolini, zilipamba moto wakati wimbi limeshaanza kushuka. Hawakuwa wanazima moto, walikuwa wanalipa kisasi, na wenye mashamba wa bonde la mto Po ndio waliotoa hela.

Ngoja niwape picha ilivyokuwa. Usiku lori linasimama kijijini, vijana wanashuka, wanagonga kwa katibu wa chama cha vibarua wa shamba. Wanamshika, wanampanua mdomo, wanammiminia mafuta ya nyonyo. Ndiyo, haya haya dada zetu wanapaka nywele zikue. Yeye ananyweshwa kwa nguvu, yanamharisha, halafu anaachwa hapo hapo, baba mzima na familia yake, kajichafua mbele ya majirani, na wengine walikufa kabisa. Polisi wapo wanaangalia pembeni, na sehemu nyingine maafisa wa jeshi ndio waliowaazima malori na silaha. Sasa mtu akisema "serikali ilizidiwa" huwa nashangaa, ilizidiwa na magari yake yenyewe?

Ikaja 1924. Matteotti, mbunge wa kisoshalisti, tarehe 30 Mei anasimama bungeni anaeleza uchaguzi ulivyoharibiwa kwa vitisho. Tarehe 10 Juni anatekwa Roma mchana kweupe, mwili ukapatikana Agosti. Serikali ikayumba kweli, wapinzani wakasusia bunge wakisubiri mfalme amfukuze kazi (kosa lao hilo, kususia halafu unamsubiri mtu aliyegoma kusaini!). Mfalme kimya. Januari 1925 Mussolini akawaambia bungeni kwamba yeye anabeba dhamana ya yote yaliyotokea, mnifanye nini sasa, na kweli hakuna aliyemfanya kitu.

Baada ya hapo ndo maisha yale ya kubana pumzi. Vyama vingine vikafutwa 1926, wakorofi wanapelekwa visiwani kama Ustica na Lipari. 1931 maprofesa wakaambiwa wale kiapo cha utii, walikuwa zaidi ya elfu moja, na waliokataa hawakuzidi ishirini. Kadi ya chama watu waliiita kadi ya mkate, maana bila hiyo kazi serikalini usahau. 1938 wakapiga vita hadi neno la heshima "Lei", watu waseme "Voi", yaani fikiria serikali ikukataze kumpa mzee shikamoo.

Na treni? Kazi ya kufufua reli baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ilishaanza kabla hajaingia, zilizopendelewa ni zile za njia kuu wanazopanda watalii, na nyingine ziliendelea kuchelewa. Halafu gazeti lipi lingeandika treni imechelewa, wakati wahariri wanapokea maagizo ya nini kiandikwe?

Rudi kwa mfalme, maana mimi kesi yangu ni yeye. 1936, baada ya Waethiopia kumwagiwa gesi ya sumu na jeshi la Italia, akapokea cheo cha Kaisari wa Ethiopia. 1938 akasaini sheria za kuwabagua Wayahudi. Kalamu aliyoikosa 1922 ilipatikana!

Halafu 25 Julai 1943, vita vimemgeukia. Baraza kuu la chama limempigia Mussolini kura ya kumkataa usiku, 19 kwa 8, jioni mfalme akamwita nyumbani kwake, wakaongea kama dakika ishirini, akitoka mlangoni karabinieri (askari polisi wa kijeshi) wakampakia kwenye gari la wagonjwa wakaondoka naye. Hakuna risasi iliyolia.

Sasa nyie mnaosema mfalme hakuwa na jinsi 1922, wakati huyo mtu ana wabunge 35 na vijana wanaolowa mvua, nielezeni aliwezaje kumtoa miaka 21 baadaye.