Hekta milioni 5.2 za Tanzania zinahesabiwaje?

Kinyonga: Wakuu, naombeni ufafanuzi. Kupitia AFR100, mpango wa nchi za Afrika wa kurejesha uoto kwenye ardhi iliyoharibika, Tanzania iliahidi kurejesha uoto kwenye hekta milioni 5.2 ifikapo 2030. Azimio la Glasgow la 2021, lenye nchi zaidi ya 140, nalo linataka upotevu wa misitu ukome 2030. Je, ni ahadi moja? Na miche ya kila msimu inaingia wapi?

Mninga: Ni mbili mkuu. AFR100 huhesabu ardhi iliyorejeshewa uoto, hata shamba lenye miti. Glasgow inahusu msitu uliopo usitoweke. Tazama hesabu: kati ya 2002 na 2013 Tanzania Bara ilipoteza wastani wa hekta 469,420 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, miaka 11 hula hekta milioni 5.16, karibu ahadi nzima! Tunajaza mtungi uliotoboka.

Tena adui mkubwa ni shamba jipya. Miombo iliyokatwa kwa mkaa huchipua ikiachwa. Jembe likipita na visiki vikang'olewa, hakuna kinachorudi.

Kisikihai: Kuhusu miche: nafasi ya mita 3 kwa 3 ni miche 1,111 kwa hekta. Zidisha kwa hekta milioni 5.2, unapata miche bilioni 5.8. Haitawezekana kwa vitalu peke yake, na ripoti nyingi huhesabu miche iliyogawiwa, si iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Mchwa, moto na mbuzi hawasomi ripoti.

Panapo visiki hai, chagua machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka kwa kila kisiki, kata mengine, pogoa matawi ya nusu ya chini, kisha funga kitambaa ili wachungaji wayatambue. Rudia kila mwaka. Shinyanga, chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986, ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yatumike kiangazi, zilirejesha zaidi ya hekta 300,000 kwa kufunga malisho tu sehemu kubwa.

Kinyonga: Na kijiji kikitaka msitu wake ulindwe kisheria?

Mninga: Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu. Mkutano mkuu wa kijiji uamue, kamati ya maliasili iundwe, mipaka ipimwe, mpango wa usimamizi na sheria ndogo viandikwe, halmashauri ya wilaya ipitishe. Panapokwama ni mipaka: malizaneni na kijiji jirani kabla ya kumwita mpimaji, la sivyo faili litalala wilayani.