Vitunguu vikubwa vya nyumbani: Red Bombay, chotara au mbegu ya Uingereza?

Somoe_Bahari: Habari za jioni wadau. Nataka kuatika vitunguu maji nyuma ya nyumba, vile vya kujaa kiganja. Mwisho wa mwezi nanunua mbegu. Nimekwama kati ya Red Bombay na ile chotara, Jambar F1, halafu kuna pakiti ya Ailsa Craig kaniletea shemeji kutoka Uingereza, kitunguu cha kwenye picha kama boga. Nishaurini.

Mnyambe: Nyuma ya nyumba wapi, dada? Newala kwenye maji ya kununua kwa ndoo, au mjini kwenye bomba? Udongo gani? Unasia mwezi gani? Mtu anauliza mbegu kama anauliza kanga.

Babu wa Ng'apa: Mwanangu, hiyo ya Uingereza mrudishie shemeji. Inasubiri mchana wa saa 14 na zaidi ndipo ianze kujaza. Kwetu mchana mrefu kuliko yote, ule wa Desemba, haufiki hata saa 13. Utapata majani mazuri ya kukaangia mayai, basi.

Somoe_Bahari: Shikamoo babu. Majani tu! Shemeji asisikie. Niko Shangani, Mtwara mjini. Mchanga mtupu, eneo hatua nane kwa tano. Bomba lipo, linatoka likipenda.

Fundi Baiskeli: Chukua chotara. Vinalingana, vinakomaa pamoja. Ila mbegu yake usiitunze ya msimu ujao, itakutolea kila sura.

Mama Zai: Chotara bei yake mnaijua lakini? Mimi ni Bombay, ingawa ilinitoa machozi. Mwaka juzi nilipimiwa mbegu kwa kijiko kutoka kopo lililokwisha funguliwa. Duka silitaji. Mbegu ya kitunguu haina subira, ikikaa kwenye joto letu hili inakufa upesi. Nikasia mistari sita, ikaota kama nywele za kichwa cha mzee. Na mimi kwa akili zangu nikarudi kununua kopo lilelile! Kuja kuhamisha miche ni Novemba, mvua zikanikuta, majani yakashika mabaka ya zambarau, yakakauka kuanzia nchani. Nikaona vinadumaa, nikawa navipa urea kila nikipita. Nimevuna sufuria moja, shingo nene kama mpini wa jembe, na wiki mbili havikumaliza, vimeoza. Siku hizi nanunua kopo lenye lebo ya TOSCI, wale wakaguzi wa mbegu wa serikali, nasoma tarehe, nafungua kwa mkono wangu.

Mnyambe: Shingo nene ni hiyo urea, mama. Unaweka mapema; kikianza kuvimba unaacha. Somoe, huo mchanga ulishe samadi iliyooza vizuri. Sia mwishoni mwa Machi chini ya kichanja cha makuti, baada ya wiki sita hadi nane mche una unene wa penseli, hamisha Mei mvua zikiisha. Mche na mche sentimita 15. Ukibana utavuna vya mshikaki, mbegu iwe ya dhahabu.

Korosho Ghafi: Mei si ndiyo salfa inaanza kupulizwa mikorosho? Jirani yangu Tandahimba tuta lake lilikuwa linapata vumbi bure. Vitunguu vikali, mbwa analia.

Babu wa Ng'apa: Salfa ile ni dawa ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho. Asije mtu akaenda kumwagia bustani.

Korosho Ghafi: Babu, sijasema amwage. Nasema ukali unatokana na salfa.

Mama Zai: Kitunguu kisicho kikali cha nini? Ndiyo maana nanunua vya Mang'ola.

Fundi Baiskeli: Vya Singida, mama. Vya Mang'ola kwenye kachumbari ya pweza vinanywea.

Mama Zai: Vinanywea kwako unayevikamua na chumvi kama unafua!

Somoe_Bahari: Jamani, nanunua ipi?

Mnyambe: Nusu tuta Bombay, nusu chotara, uone mwenyewe.

Babu wa Ng'apa: Kwanza atuambie bomba linatoka mara ngapi kwa wiki.

Mama Zai: Halafu Somoe, hapo Shangani pweza siku hizi kilo shilingi ngapi?