Kampani ya mine inataka kulipa radio yetu mbele ya eleksio. Tukule ao tuache?

Katuba_Fresh

Bandugu jambo yenu. Niko na swali, naomba batu benye kujua kazi ya radio ao mambo ya sheria banijibu, kama uko na matusi tu pita njia yako.

Miye ni mujurnaliste ku radio moja ndogo ya hapa Lubumbashi, jina naacha. Mushahara iko ku karatasi, mu mufuko haifikake. Tunaishi na kupaje. Kwa benzetu ba Tanzania na Kenya benye kusoma huku, kupaje ni hivi: kuko konferanse ya mukubwa fulani, unaenda na mikro yako, unakaa, kisha maneno kuisha mutu wake wa presse anatoka na liste, anaita radio moja moja, unatia sinye, unakamata bahasha. Siku ya muzuri dola 10, siku ya mubaya franga elfu tano na Fanta. Ukirudi ku redaksio direkta anakata yake, mutu wa teknike anakata yake, wewe unabaki na ya taksi. Njo uniambie, magaribi habari ya ule mukubwa utaisoma namna gani? Utasema alidanganya, na bahasha yake iko mu mufuko?

Sasa imekuja ya kupita hiyo. Kampani moja ya mine, ya bageni, inataka kutupa kontra ya mwaka muzima. Esansi (petroli) ya jenerata kila mwezi, mashini mupya ya studio, na makuta (pesa) kidogo kwa kila mutu. Lakini haiji yenyewe, inapitia kwa ajansi moja ya komunikasio yenye hakuna mutu hapa anajua patro wake ni nani. Mu kontra kuko emisio ya kila wiki juu ya "maendeleo", na bageni ba ile emisio tutapewa liste. Liste niliiona. Nusu yao ni batu benye kujitayarisha kwa eleksio ya 2028. Tena kuko mustari mumoja chini kabisa, maandishi madogo: habari yoyote yenye kugusa mine tubatumie kwanza mbele ya kuisoma.

Na juzi batu ba kartie moja balitupigia telefone, maji ya mutoni imegeuka rangi ya manjano, batoto banajikuna ngozi. Nilienda, nikachukua sauti ya mama mumoja, akanionyesha mikono yake imetoka maganda mpaka ku kiwiko. Direkta akasema tungoje kidogo. Tunangoja.

Njo swali: hii ni publisite (matangazo ya kulipwa) ya kawaida ao ni kununua eleksio mapema? Sheria inasema nini? Na wewe ungefanya nini na jenerata imekauka?

Muzee_wa_Gekamine

Mtoto wangu, umeuliza kama vile ni mambo mapya. Katanga ilipojitenga tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, serikali ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga ile, ilisimama kwa pesa ya nani? Union Minière, kampani ya mine ya Wabelgiji. Kodi ambazo zingekwenda Léopoldville (Kinshasa ya leo) zikalipwa hapa hapa Elisabethville (Lubumbashi ya leo), na askari wa kukodiwa wakaja kutoka Ubelgiji, Rhodesia, Afrika Kusini. Lumumba, waziri mkuu aliyetoka katika kura, akaletwa huku kwa ndege akauawa tarehe 17/1/1961, si mbali na mji wetu. Kamati ya bunge la Ubelgiji ilikuja kusema mwaka 2001 kwamba baadhi ya mawaziri wao walikuwa na hatia ya kimaadili. Miaka 40 baadaye! Lakini usisahau kwamba waliompokea pale uwanja wa ndege walikuwa pia watu wa hapa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Twende karibu zaidi. Kati ya 2010 na 2012 sehemu za migodi yetu ziliuzwa bei ya kutupa kwa makampani ya visiwa vya mbali vya kuficha pesa na kodi, ambayo ofisi yao ni sanduku la posta. Wizara ya fedha ya Marekani ilipomwekea Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israeli, vikwazo mwezi wa 12 mwaka 2017 ilisema Kongo ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1,36 katika miaka ile. Yeye anakana siku zote. Na katikati ya miaka ile kulikuwa na uchaguzi, mwezi wa 11 mwaka 2011. Mimi sisemi kitu, nakuonyesha kalenda tu.

Unajua karatasi za mauzo yale nani alizitoa hadharani? Mbunge mmoja wa Uingereza, mwezi ule ule wa 11. Sisi wenye vumbi la mgodi puani tukasubiri mtu wa London atuambie kilichouzwa nyuma ya nyumba yetu.

ZeroStress_Ruashi

Tata heshima kwako lakini historia ya Tshombe haitie esansi mu jenerata 😅

Katuba, kula. Ukikataa wewe radio ya pembeni itakamata na ule mama wa mikono hatasikiwa paka vile vile. Tena mbona munapigia kelele kampani tu? ONG je, yale mashirika ya misaada? Radio ngapi za huku zilikuwa zinapumua na makuta ya Bamerikani, 2025 Trump akafunga USAID mara moja kila mutu analia. Ile haikuwa ingerence, mugeni kujiingiza mu mambo yetu? Radio Okapi yenyewe ilizaliwa 2002 na ONU (Umoja wa Mataifa) pamoja na Basuisi ba shirika ya Hirondelle. Makuta ya mugeni ni makuta ya mugeni, sijue munachagua namna gani.

DadaKadutu

Miye ni wa Bukavu, niko huku kwenu tangu baasi ba M23 baliingia kwetu mwezi wa pili 2025.

ZeroStress unaongea kama mutu mwenye hajazika mujurnaliste. Ile Radio Okapi unaitaja, Serge Maheshe alikuwa wa redaksio yao ya Bukavu, balimupiga risasi magaribi ya tarehe 13 mwezi wa sita 2007, ametoka kuaga batu, anataka kupanda motokari. Kisha tribinali ya jeshi ikahukumu nani kifo? Pamoja na baaskari, marafiki yake babili benye balikuwa naye pale pale! Mpaka 2008 apeli njo ikabaachilia. Na mwaka ule ule mwezi wa 11, Didace Namujimbo, radio ile ile, mji ule ule, akapigwa usiku akirudi kwake. Mwenye kutuma hatujaambiwa.

Sasa sikiliza Katuba, risasi inakuyaka ya mwisho. Mbele yake kuko telefone za usiku, kuko shefu wa usalama kukuita "tuongee kidogo tu", kuko benzako kuacha kukaa na wewe pa meza moja. Na benzako banakuacha haraka kama bote bamezoea bahasha, juu radio zote zikisoma habari moja ya kusifu na wewe peke yako unasoma ingine, wewe njo unaonekana. Kupaje inakutenga mbele hata adui hajakutafuta.

Leo kwetu kule radio zingine zilifunga, zingine zinapiga muziki na mahubiri mutu asijitie mu matata. Na Kinshasa nayo, tarehe 7 mwezi wa kwanza 2025 waziri wa haki Mutamba alitishia adhabu ya kifo kwa mujurnaliste mwenye kupitisha habari za M23. Huyo huyo Mutamba, mwezi wa tisa mwaka ule ule, tribinali ikamupa miaka mitatu ya kazi ngumu juu ya dola milioni 19 za gereza ya Kisangani. Alikuwa anatufundisha uzalendo.

Katuba_Fresh

Dada pole sana. Ile ya kukaa peke yako pa meza naijua, kuko mwenzetu alikataa bahasha mara moja mbele ya batu, sasa kila konferanse jina lake haiko ku liste.

ZeroStress, swali lako la ONG si la kucheka, mie mwenyewe sina jibu. Nani analo?

Klerki_Kamalondo

Nimefanya kazi muda mrefu katika kabine ya avoka (ofisi ya wakili), siyo avoka mwenyewe, basi chukua kama ushauri wa jirani.

Kwanza la ONG. Pesa ya nje inaweza kupindisha habari hata ikiwa ya ONG, ZeroStress hakukosea hapo. Ila Okapi kila mtoto anajua ni ya ONU, akisikia habari ya kusifu ONU anajua atoe punguzo kiasi gani. Ajansi yenu je, msikilizaji atatoa punguzo gani na hajui hata kama iko? Angalieni jirani zetu wa Centrafrique, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwezi wa 12 mwaka 2020, siku chache mbele ya uchaguzi wao, Facebook ilifuta mitandao ya akaunti za uongo, upande mmoja watu wenye uhusiano na jeshi la Ufaransa, upande mwingine watu wa Prigozhin, yule tajiri wa Urusi mwenye askari wa kukodiwa wa Wagner. Wote walijifanya wenyeji wa Bangui, mji mkuu wa kule, majina ya kule, picha za kule, halafu wakawa wanabishana wao kwa wao kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba ni akaunti feki 🤦 Na raia wa kweli yuko katikati anafikiri anasikiliza majirani zake.

Sasa kontra. Kuuza dakika za redio siyo kosa, redio zote duniani zinauza. Kwenu kuna mambo matatu yamefungwa pamoja makusudi. Publisite, hiyo sawa, bora mseme hewani mwanzo na mwisho wa emisio kwamba fulani amelipa, kwa jina la kampani, siyo jina la ajansi. Liste ya wageni, hapo ndipo kampenyi inapoingia kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo wageni mchague nyinyi ao mualike na wa upande mwingine kwa dakika zile zile. Na ule mstari wa chini, huo futa. Hakuna namna ya kuurekebisha. Ukiukubali, habari ya maji ya manjano imekwisha leo, na kesho itakuwa habari ya nani alimpa kandida fulani magari ya kampenyi.

Wasikudanganye eti makampani makubwa hayafanyi hivyo. Glencore yenyewe, kampani kubwa ya mine ya Uswisi, ilikiri mbele ya tribinali ya Marekani mwezi wa 5 mwaka 2022 ilitoa rushwa katika nchi kadhaa, na kwa Kongo peke yake karatasi zao zinasema dola milioni 27,5 hivi zilipitia kwa watu wa katikati, sehemu yake ikiwa ya kuhonga wakubwa wetu. Kupitia watu wa katikati, Katuba. Soma tena jina la ajansi.

Kiboko_Likasi

Na musifikiri ni sisi tu. Romania 2024, kandida Georgescu akaongoza duru ya kwanza, amepanda ku TikTok kama moshi, na ku karatasi aliandika matumizi ya kampenyi zero. ZERO! Tribinali yao ya katiba ikafuta kura yote tarehe 6 mwezi wa 12, na batu ba usalama ba kule balikuwa banashuku mukono wa Urusi. Kisha gazeti za kule kule zikaandika sehemu ya ile kampenyi ya TikTok ililipwa na chama kimoja kikubwa cha nchi yenyewe. Njo ujue shida ya makuta yenye haina jina, hata ukifuta eleksio bado hujue umefukuza nani.

ZeroStress_Ruashi

Ok ok Klerki nimekusikia, ya jina hewani nakubali. Lakini umesahau kitu. Akisoma habari ya maji bila ushahidi banamukamata na ile kode ya numerike ya 2023, sheria ya mambo ya intaneti, "habari ya uongo", kesho yuko ndani. Bujakera, mujurnaliste mukubwa vile, wa gazeti Jeune Afrique, balimutoa ku uwanja wa ndege wa N'djili tarehe 8 mwezi wa 9 2023 juu ya makala yenye hata jina lake haikuwako, akatoka mwezi wa 3 2024. Eleksio ya mwezi wa 12 ilipita yeye iko mu gereza ya Makala. Sasa huyu wa Katuba nani atamulilia?

Klerki_Kamalondo

Ni kweli kabisa, ndiyo maana asisome peke yake. Mnakumbuka Congo Hold-up, mwezi wa 11 mwaka 2021? Karatasi zaidi ya milioni tatu za benki moja, na vyombo vya nchi nyingi vikatoa habari pamoja, huyu Paris, huyu Brussels, ukimfunga mmoja habari tayari iko kwa wengine. Wale walionyimwa kinga ni watu wa ndani. Gradi Koko na Navy Malela, wafanyakazi wa benki nyingine ya Kinshasa waliotoa karatasi za kazini kwao, tribinali ikawahukumu kifo bila wao kuwepo na bila kuwaambia, habari ikatoka 2021.

Kwa hiyo Katuba: sauti ya yule mama usiiache ku mashini ya redio. Weka kopi kwa mtu asiye wa redio. Jina lake na sura yake visitoke. Tafuta redio mbili tatu za hapa na moja ya Likasi ao Kolwezi, mkubaliane saa moja, msome wote magaribi moja. Na kampani muipigie kwanza, muiulize ina jibu gani, muandike saa mliyopiga na nani alipokea. Hata wakikataa kujibu, karatasi ile ndiyo itakutetea mbele ya prokirere, mwendesha mashtaka.

DadaKadutu

Kwa redio za kusoma pamoja niandikie pembeni, kuko benzetu ba Bukavu huku benye kazi imewapotea na sauti bado iko.

Katuba_Fresh

Aksanti sana. Kopi natoa leo usiku. Direkta naye anasema ataweka sinye kesho kutwa asubuhi, ajansi imemualika kula bukari (ugali) na samaki. Klerki, swali moja: akitia sinye peke yake, ule mustari unatushika sisi benye hatukutia?

Klerki_Kamalondo

Unaishika redio. Wewe haukushiki kwa jina lako, ila yeye atakufukuza kwa kisingizio hicho hicho. Piga picha ya ule ukurasa, funika majina yote, nitumie pembeni mbele hajaenda kula.