Eti kuna mlima kwenye asteroidi Vesta unaoupita Kili mara tatu?

MtuWaMlimani (Moshi)
Habari za jioni wadau. Mimi napandisha wageni mlimani, sasa juzi tumelala Shira, mbingu nyeusi tii, mgeni mmoja mzee akanipa darubini yake ya mkono akanionyesha kanukta kadogo hivi, akasema hako siyo kanyota, ni asteroidi, yaani jiwe kubwa la angani linalozunguka jua, inaitwa Vesta ipo kule kati ya Mirihi na Jupita na ina mlima unaoupita Kili mara tatu. Nikanyamaza kwa heshima ila moyoni nikakataa. Upana wake wote eti kilomita 525, haifiki hata barabara ya Arusha-Dar, sasa mlima huo unakaa wapi? Na kile kimondo cha Mbozi nacho kimetoka huko? Wanangu wananiuliza sina jibu.

Mwl_Njiro (Arusha)
Mgeni wako hajakudanganya kaka, tena kaupunja. Ule mlima uko kusini mwa Vesta katikati ya shimo linaloitwa Rheasilvia, shimo lenyewe lina upana wa kilomita 500 hivi, yaani karibu sawa na Vesta nzima. Kitu kikubwa kiliigonga kama miaka bilioni 1 iliyopita, chini pakabonyea halafu katikati pakainuka, kama vile tone la maji likidondoka kwenye ndoo. Kutoka sakafu ya shimo mpaka kileleni ni kilomita 20 na zaidi. Sasa zile mita 5,895 za Kili tunazihesabu kutoka usawa wa bahari, na Vesta haina bahari, kwa hiyo ukitaka haki pima Kili kutoka hapo Moshi mjini, unapata kilomita 5 tu. Siyo mara tatu, ni mara nne!

Unasimamaje bila kuporomoka? Uvutano wa kule ni mdogo sana, kama sehemu moja ya 40 ya huu wetu. Ule mzigo wa kilo 20 wa mpagazi kule angeusikia kama nusu kilo ya sukari. Ila usifikirie ukuta, kitako chake ni kama kilomita 180, ni mteremko wa taratibu.

Haya tunayajua vizuri kwa sababu chombo cha Marekani kinaitwa Dawn kiliizunguka kuanzia Julai 2011 mpaka Septemba 2012.

Anga_Usa
Mbozi hapana. Kile ni chuma kitupu, tani 16 hivi, na vya Vesta ni mawe, yanafanana na yale ya volkano kwa sababu Vesta zamani iliyeyuka ikatoa lava. Vipande vilivyoruka siku ya ule mgongano vingine vikasogea mpaka sehemu ambayo uvutano wa Jupita unavivuruga, vikatolewa kwenye ule ukanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Jupita, na vingine vikafika mpaka huku kwetu. Watoto wasiogope lakini, Vesta yenyewe haikaribii, hata ikisogea vipi inabaki zaidi ya kilomita milioni 150 kutoka hapa.

MtuWaMlimani (Moshi)
Aisee asanteni sana, mwalimu umenifungua. Kumbe hata hatupimi kutoka sehemu moja! Na inajizungusha kwa muda gani?

Mwl_Njiro (Arusha)
Saa 5 na dakika 20. Mkitoka kambi ya Barafu saa sita usiku, kabla hamjafika kilele cha Uhuru imeshamaliza siku yake nzima. Kulizunguka jua ndiyo miaka 3 na miezi 7 au 8. Inang'aa vizuri kila baada ya miezi 16 na kitu, dunia inapopita kati yake na jua, na penye giza kama la huko juu kwenu unaweza kuiona hata kwa macho matupu. Wewe unalala mlimani usiku tano sita mfululizo, chora nyota za jirani kila usiku, itakayohama ndiyo yenyewe.

MtuWaMlimani (Moshi)
Jumanne napanda tena. Daftari nimeshanunua.